Kufufua hedifoni za zamani: anza na pedi na felti, waya baadaye

Hedifoni ya miaka ya 1970 au 1980 ikiwa haina besi, inalia upande mmoja au inakoroma, wengi huhukumu kwamba spika imekufa. Mara nyingi spika ni nzima. Kilichooza ni sponji ya pedi, kilichokauka na kushindiliwa ni felti iliyo nyuma ya spika, na kilichokatika ni waya, ama karibu na jeki ama pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Vyote vitatu vinabadilishika kwa vitu vinavyopatikana kwa fundi viatu, duka la dawa na duka la vipuri vya redio. Kwa wanaoishi pwani tatizo huja mapema zaidi: sponji ya poliyurethani huvunjwa na unyevu wa hewa hata ikiwa imefungiwa kabatini, na hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye shaba ya waya na jeki.

Mwongozo huu unahusu hasa hedifoni za utando bapa, zile ambazo Yamaha waliziita othodainamiki. Mfano wake maarufu ni HP-1 ya mwaka 1976, iliyosanifiwa na Mwitaliano Mario Bellini, na kwa upande wa Fostex kuna familia ya T50RP. Ndani yake hakuna koni. Kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, umechapwa njia za metali, ukakaa katikati ya sumaku mbili zenye matundu. Umeme wa muziki unapopita kwenye njia hizo, utando husukumwa karibu wote kwa pamoja. Hedifoni za aina hii hubadilika sana zikirekebishwa, kwa sababu tabia yake inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na hewa iliyo mbele na nyuma ya utando, na hewa hiyo unaweza kuibana au kuiachia kwa kipande cha felti.

Hedifoni za koili, zile za kawaida zenye koni, kama Sennheiser HD 414 ya mwaka 1968 au AKG K240, hufuata hatua hizihizi kwenye usafi, waya na pedi (isipokuwa pedi za HD 414). Kwenye felti ziguse kidogo sana. K240 ile ya zamani iitwayo Sextett ina viwambo sita vidogo vinavyoizunguka spika, na kazi yake ni kuongeza besi bila umeme wowote. Ukivitoboa au kuvibonyeza vikapinda, hakuna gundi itakayovirudisha. Hedifoni za umemetuli kama Stax usizifungue kabisa kama hujazisomea: zile za kawaida hutumia volti 230 za kudumu na zile za daraja la Pro volti 580.

Jambo la kukubaliana kabla ya kushika bisibisi: kama waya wa zamani ni mzima, waya mpya wa bei kubwa hautabadilisha sauti unayoisikia. Pedi inayovuja hewa itaibadilisha sana. Fedha yako ya kwanza iende kwenye pedi.

Pima kabla ya kufungua

Weka multimita kwenye kipimo cha omu. Kwenye jeki ya stirio, ncha ni upande wa kushoto, pete ya katikati ni kulia, na sehemu ndefu ya chini ni ya pamoja. Pima ncha na sehemu ya chini, kisha pete na sehemu ya chini. Utasikia mlio mdogo kwenye sikio husika. Huo peke yake unakuambia kwamba spika iko hai.

Kwa utando bapa, namba utakayoiona inakaribiana sana na ile iliyoandikwa na kiwanda, kwa sababu utando huo kwa umeme ni kama kipingamizi tu. HP-1 itaonyesha karibu omu 150, T50RP karibu 50. Kwa hedifoni za koili namba huwa chini kidogo ya ile ya kiwanda. HD 414 ya omu 2000 inaweza kukuchanganya: ukiiweka multimita kwenye kipimo cha 2k huenda ikaandika 1 peke yake pembeni, kana kwamba waya umekatika. Panda hadi 20k ndipo uhukumu. Pande mbili zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 5, kuna kiungo kibovu mahali fulani, na mara nyingi ni lehemu iliyopasuka.

Ukiwa bado umeshika ncha za mita, pindapinda waya polepole kuanzia jeki hadi kikombe. Namba ikirukaruka, hapo ndipo waya ulipokatika ndani kwa ndani. Ikisoma sifuri au karibu na sifuri, nyaya mbili zimegusana, kwa kawaida ndani ya jeki.

Kuna dalili moja inayowapotosha watu wengi. Muziki unasikika pande zote mbili, lakini mwimbaji kapotea, besi imepotea, na vilivyobaki ni vinanda vya pembeni na mwangwi. Spika hazina kosa hapo. Waya wa pamoja umekatika, kwa hiyo spika mbili zimebaki zimeungana kwa mfuatano kati ya kushoto na kulia, na zinapiga tofauti tu ya pande hizo mbili. Kilichorekodiwa sawa pande zote, yaani sauti ya mwimbaji na besi, kinajifuta. Unga waya wa pamoja na muziki utarudi mzima.

Baada ya mita, piga mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka 20 Hz hadi 20 kHz. Programu za bure za kuutoa ziko nyingi kwenye simu na kompyuta. Sauti iwe ndogo. Sikiliza upande mmoja mmoja. Mkoromo unaotokea kati ya 50 na 200 Hz, pale utando unapocheza zaidi, kwa kawaida ni unywele au chembe ya sponji iliyolala juu ya utando. Mkoromo unaokuja na kuondoka ukibana kikombe kwa mkono ni skrubu iliyolegea au plastiki iliyopasuka. Andika ulichokisikia na mahali kilipotokea, kwa sababu baada ya kufungua hutaweza kurudi kulinganisha.

Kufungua bila kuua spika

Sehemu kubwa ya uharibifu hutokea hapa. Sumaku za utando bapa ni kubwa na huvuta kwa nguvu. Bisibisi ya chuma ikikaribia itarukia matundu yake, na ncha ikipita tundu moja tu, utando umetoboka. Mara pedi inapotoka, funika uso wa spika kwa karatasi ngumu na uishike kwa tepu ya rangi, ile ya karatasi inayobanduka kirahisi. Kwa kibano tumia cha shaba nyeupe au plastiki, na kwa kuchokonoa tumia kijiti cha meno.

Meza iwe safi kwelikweli. Meza ya fundi redio imejaa unga wa chuma ambao jicho halioni, na unga huo ukiingia matunduni haupulizwi ukatoka. Tandika karatasi nyeupe mpya. Ukiona vijichembe vimeng'ang'ania sumaku, bonyeza juu yake kipande cha tepu au plastisini kisha uinue; rudia hadi vitoke. Usipulize kwa kompresa, na usinyonye kwa mashine ya vumbi, maana shinikizo lake linaweza kuuchana au kuulegeza utando moja kwa moja.

Skrubu nyingi zimefichwa chini ya pedi. Piga picha kila hatua, hasa rangi ya kila waya na kituo chake. Andika kushoto na kulia kwenye felti za zamani, zitie kwenye mfuko mmoja mmoja na uzitunze, hata kama zimechakaa. Ndizo kipimo chako cha unene na ubanaji, na siku ukitaka kuirudisha hedifoni kama ilivyokuwa utazihitaji. Kwa hedifoni adimu kama HP-1 au Sextett, usifanye lolote lisiloweza kurudishwa nyuma: usitoboe kikombe, usikate plastiki, usitumie gundi ya kudumu.

Na spika yenyewe, ule mkate wa sumaku mbili, usiufungue. Utando umevutwa kwa mkazo maalumu kiwandani, nawe huna namna ya kuurudishia mkazo huo ukiwa nyumbani.

Usafi

Sponji iliyooza huwa ya namna mbili: unga mkavu unaopukutika, au utelezi mweusi unaonata kama lami. Ule mkavu uondoe huku kikombe kimeinamishwa, uso wa spika ukitazama chini, ili uanguke mezani badala ya kuingia matunduni. Ule unaonata ukwangue kwa kijiko cha plastiki, kisha umalizie kwa pamba ya masikio iliyolowa kidogo spiriti ya aisopropili. Spiriti yenye rangi, ile ya kuwashia majiko, huacha utando wa rangi kwenye plastiki. Asetoni na tina usizilete hata karibu, maana huyeyusha plastiki za wakati huo kwa sekunde chache.

Vikombe na ukanda wa kichwa vikishatengwa na spika, vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, uvikaushe siku nzima kivulini. Ukanda wa ngozi uupanguse tu, usiuloweke.

Waya

Kama waya ni mzima, ruka sehemu hii.

Waya wa zamani uliokatika karibu na jeki unaweza kukatwa sentimita 5 juu ya jeraha na kufungwa jeki mpya. Tatizo ni kwamba nyaya nyingi za hedifoni ni nyuzi za shaba nyembamba zilizopakwa vanishi ya rangi, au riboni za shaba zilizozungushwa kwenye uzi wa pamba. Zenye vanishi hazishiki lehemu hadi vanishi iungue: weka tone kubwa la lehemu kwenye ncha ya pasi ya kulehemu, zamisha waya ndani yake kwa sekunde 3 hadi 4 hadi moshi uishe na shaba ing'ae. Za uzi wa pamba ni sumbufu kuliko maelezo yoyote, na ni afadhali kubadilisha waya wote.

Waya mpya unaofaa ni wa maikrofoni wenye nyaya nne nyembamba ndani, mita 1.5 hadi 2. Nyaya mbili ziende kushoto, mbili kulia, na zile mbili za kurudi ziungane ndani ya jeki. Kwa njia hiyo kila spika ina njia yake ya kurudia, na siku ukitaka kufunga jeki ya nyaya nne hutalazimika kufungua vikombe tena. Piga fundo au funga kiziba cha plastiki ndani ya kikombe, ili mvuto wa waya uishie kwenye fundo na usifike kwenye kituo cha spika.

Kwenye kituo cha spika, pasi iwe kati ya nyuzi 320 na 350 za Selsiasi, lehemu ya 60/40, na usikae zaidi ya sekunde 2. Kituo kimeshikwa na plastiki, na chini yake ndipo ile njia nyembamba ya metali ya utando inapoungana. Ukichelewa, plastiki inalainika, kituo kinasogea, njia inakatika, na spika inakuwa imekufa kweli. Paka lehemu ncha ya waya kwanza pembeni, kisha igusishe tu. Kama haikushika, subiri dakika nzima ipoe ndipo ujaribu tena. Fanya kazi hii dirishani, na unawe mikono, kwani lehemu hii ina risasi.

Baada ya kuunga, hakikisha pande zote mbili zinasukuma kwa mwelekeo mmoja. Piga sauti ya mtu anayeongea iliyorekodiwa mono. Ikisikika katikati ya kichwa, ni sawa. Ikitawanyika nje ya masikio huku besi imekonda, geuza nyaya mbili za upande mmoja tu.

Pedi, yaani besi yote

Utando bapa hauwezi kutoa besi ya chini kama hewa inatoroka kati ya spika na sikio. Hewa ya besi husogea polepole na hupata muda wa kutokea kwenye upenyo, ilhali trebo, yaani sauti nyembamba za juu, haiathiriki sana. Ndiyo maana hedifoni inayovuja husikika kali na nyembamba, na mwenye nayo hulaumu spika. Jaribio ni rahisi: vaa, piga muziki wenye besi, kisha bana vikombe taratibu kwa viganja. Besi ikipanda ghafla, kuna uvujaji.

Uvujaji una njia tatu, na watu wengi huziba moja tu. Ya kwanza ni kati ya pedi na kichwa: pedi imekauka, imepasuka au ukanda umelegea. Ya pili ni nyuma ya pedi, pale inapokaa kwenye kikombe. Ya tatu, ambayo haionekani, ni kwenye kingo za spika yenyewe na tundu la waya. Hizo mbili za mwisho huzibwa kwa uzi mwembamba wa plastisini uliobonyezwa kuzunguka ukingo, na kwa pete ya tepu ya sponji yenye gundi pande zote, unene wa mm 1, chini ya pedi.

Unapotafuta pedi mpya, pima vitu vitatu: kipenyo cha nje, kipenyo cha tundu la ndani, na kina. Pedi ya ngozi bandia yenye sponji nzito inayorudi polepole ndiyo inayoziba vizuri. Mahameli ni baridi zaidi kwenye joto letu, lakini hupitisha hewa, kwa hiyo utapoteza besi. Kwa hedifoni iliyofungwa nyuma hilo huonekana mara moja. Pedi yenye kina kikubwa inaipeleka spika mbali na sikio na kubadilisha vilele vya trebo, ama kwa uzuri ama kwa ubaya, kwa hiyo usinunue jozi mbili kabla ya kusikiliza ya kwanza. Tundu la ndani likiwa dogo kuliko lile la zamani, linaweza kufunika sehemu ya spika na kuzima trebo.

Kwa kubandika, tepu ya pande mbili inatosha na inabanduka. Gundi ya viatu ina viyeyushi vinavyokula plastiki. Supagluu ina mvuke unaoacha ukungu mweupe kwenye plastiki, na hutaki mvuke huo utue kwenye utando.

HD 414 haihusiki na haya. Ile ni hedifoni ya wazi, pedi yake ni sponji tupu inayopitisha hewa makusudi. Ukiweka pedi ya ngozi juu yake umeiharibu. Badilisha sponji kwa sponji ya unene uleule, basi.

Felti ya nyuma

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Utando uliovutwa una mlio wake wa asili, na karibu na mlio huo huwa unacheza kupita kiasi, ukitoa nundu ya besi ya juu inayofunika sauti za waimbaji. Felti iliyowekwa nyuma ya matundu huifanya hewa ipite kwa taabu, nundu inashuka, na besi inanyooka. Felti ya zamani iliyoshindiliwa au kujaa mafuta hubana hewa kupita ilivyokusudiwa. Iliyoliwa na wadudu haibani kabisa. Pande mbili zikiwa zimechakaa tofauti, kushoto na kulia hazitalingana hata spika zikiwa pacha.

Tafuta felti ya sufu yenye unene wa mm 2 hadi 3. Felti za rangi za kazi za watoto ni za plastiki na nyingi ni nyepesi mno. Kipimo cha mkono: bana felti ya zamani midomoni upulize, kisha fanya hivyo kwa mpya. Hewa ipite, lakini usikie shavu likijaa. Kisha:

1. Kata visahani viwili vyenye kipenyo sawa na nyuma ya spika, kutoka kipande kimoja cha felti. Vipige kwa kidole hadi nyuzi zilizolegea zidondoke.

2. Kati ya felti na matundu weka kitambaa chembamba sana, kama soksi ya nailoni, ili uzi wa felti usipenye na kugusa utando. Uzi mmoja unatosha kuleta mkoromo.

3. Sikiliza kwanza ukiwa na felti moja peke yake, kikombe kimefungwa. Usisikilize kikombe kikiwa wazi. Hiyo ni hedifoni nyingine kabisa.

4. Kama besi ya juu bado imevimba na sauti za kiume zinasikika kama zinatoka ndani ya boksi, ongeza kwenye felti tabaka moja la plasta ya karatasi ya duka la dawa, ile nyeupe inayopitisha hewa. Anza kwa kufunika nusu ya sahani.

5. Kama sauti imekuwa kavu na besi ya chini imekufa, umebana kupita kiasi. Punguza plasta kabla ya kubadilisha felti.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, pande zote mbili kwa pamoja, na usikilize nyimbo zilezile unazozifahamu. Masikio huzoea haraka. Ukiongeza vitu vitatu kwa mpigo, utapenda tokeo leo na kesho hutajua ni kipi kilichokusaidia.

Kikombe

Plastiki ya kikombe nayo hutetemeka na kuongeza sauti yake. Gonga kikombe kitupu kwa kucha: kikilia kama kopo, kipe uzito. Gramu 10 hadi 15 kwa kila kikombe zinatosha, zikikandamizwa kwenye kuta za ndani kwa tabaka jembamba. Plastisini inafanya kazi, ila kwenye joto kali hutoa mafuta. Tepu ya butili, ile mafundi wa redio za magari wanayobandika ndani ya milango, inadumu zaidi. Pima kwa mizani ya jikoni ili pande mbili zilingane. Hedifoni nzima ikizidi gramu 400, shingo itakuambia.

Nafasi iliyobaki ijaze kwa nyuzi za polisita za mto, gramu 1 hivi kila upande, zikiwa zimechambuliwa zikalegea. Pamba ya hospitali hufanya kazi siku za mwanzo, kisha hunywa unyevu na kujikunja kuwa donge. Kama kikombe kina matundu ya kupumulia, usiyazibe yote ili kuongeza besi. Kiwanda kiliyaweka kwa hesabu. Jaribu kuyafunika kwa felti kwanza.

Mbele ya spika

Kama herufi "s" na matoazi vinachoma, kwa kawaida kuna kilele mahali fulani kati ya 6 na 9 kHz. Kimbilio la kwanza lisiwe kufunika spika. Kata pete ya felti nyembamba, mm 1 hadi 2, inayozunguka spika bila kuigusa, ibandike kwenye plastiki tupu iliyo ndani ya pedi. Inameza sauti zinazogonga plastiki na kurudi sikioni, na mara nyingi inatosha. Isipotosha, weka mbele ya spika tabaka moja la karatasi laini ya chooni, iliyotenganishwa ikabaki ply moja. Tabaka mbili kwa kawaida huzidi, na muziki hufunikwa blanketi.

Kupima kwa maikrofoni

Masikio yanatosha kwa kazi hii, lakini maikrofoni huokoa muda kwenye jambo moja: kulinganisha kushoto na kulia. Chukua ubao laini wa mm 12, toboa tundu linalobana maikrofoni ndogo ya kupimia, uso wake ulingane na uso wa ubao. Weka kikombe juu ya tundu, weka kitabu juu yake kwa mgandamizo uleule kila mara, na upime kwa programu ya bure ya Room EQ Wizard. Inua na urudishe kikombe mara 3 hadi 5 kila upande, uchukue wastani, maana kusogea kidogo tu hubadilisha trebo.

Usichukulie mstari wa ubao bapa kuwa ndio sauti anayoisikia mtu. Ubao hauna sikio wala tundu la sikio. Utumie kuona tofauti ya kabla na baada, na ya upande na upande. Kati ya 100 Hz na 5 kHz lenga pande mbili zisipishane zaidi ya desibeli 2. Zikipishana kwenye besi tu, tafuta uvujaji. Zikipishana kote kwa kiasi kilekile, rudi kwenye multimita. Zikipishana sehemu za kati, felti hazilingani.

Nguvu ya kuiendesha

Hedifoni iliyofufuliwa vizuri inaweza bado kusikika hafifu kwenye simu, na si kosa la kazi yako. Chukua simu inayotoa volti 1. Kwenye hedifoni ya kisasa ya omu 32 volti hiyo ni miliwati 31. Kwenye HP-1 ya omu 150 ni chini ya 7, kwenye K240 ya omu 600 ni 1.7, na kwenye HD 414 ya omu 2000 ni nusu miliwati. T50RP ina omu 50 tu, lakini spika yake inahitaji miliwati nyingi ili isikike, kwa hiyo nayo inataka amplifaya. Tundu la hedifoni la amplifaya za stirio za miaka ya 1970 linazifaa vizuri hizi za omu nyingi, ndizo zilizotengenezewa. Anza na sauti chini kabisa, kwa sababu tundu hilo linaweza kumimina nguvu nyingi kwenye hedifoni ya omu chache.

Siku za mwanzo felti na pedi hujikalia, kwa hiyo baada ya wiki mbili za kusikiliza rudia jaribio la kubana vikombe na lile la mlio unaopanda. Kaza skrubu kwa mkono, robo duara tu. Plastiki kuukuu hupasuka kwenye vishikio vya skrubu kabla ya mahali pengine popote. Hedifoni isipotumika, itundike ili pedi zisigandamizwe, au iweke kwenye boksi lenye vipakiti vya silika vinavyobadilishwa au kukaushwa jikoni kila masika yanapopita.